Ukurasa wa Lugha Sita

Hebu fumba macho, uone chumba kidogo ghorofani, mtaa wa Buyenzi, saa nane mchana. Meza moja, kompyuta moja, dirisha lenye nondo. Nje mafundi wanagonga mabati. Ndani kunanuka ubani, na hakuna aliyechoma ubani.

Assia alinusa mara mbili, kisha akaendelea na kazi. Alikuwa akitengeneza tovuti ya mzee Hamissi, mganga wa mtaa, aliyetaka wateja wa ng'ambo. Mzee alimpa maneno ambayo watu wa nyumba yao humkaribishia mgeni asiyeonekana, akamwonya: "Maneno ya kumuaga hayaandikwi, yanasemwa kwa mdomo. Kila lugha utakayoweka, tafuta mutu wake kwanza."

"Ndiyo, mzee," Assia aliitikia. Lakini watu huchelewa, na mashine ya kutafsiri haichelewi. Alibandika maneno, akachagua lugha sita, akabonyeza. Hakusoma hata mstari mmoja.

Ghafla nyundo za mafundi zikanyamaza, kama chungu kilichofunikwa. Assia akaenda mlangoni. Kitasa kilizunguka, mlango haukufunguka. Nyuma yake kiti kikalia, kama kinavyolia yeye mwenyewe akikikalia.

Hakugeuka. Alisimama paji la uso likiwa kwenye mbao, akisikia pumzi ikimpanda shingoni, ikinong'ona maneno aliyoyajua na asiyoyajua, Kirundi kikimezwa na Kifaransa, Kifaransa kikimezwa na sauti nyingine iliyotoka mbali zaidi, na zote zikisema jambo moja, kwamba ameitwa, amefika, na mwenyeji haondoki kabla ya mgeni.

"Landry," aliita kwa sauti ndogo. "Uko hapo?"

Mwenzake wa kazi alikuwa upande wa pili, akisukuma. "We, umejifungia ulale? Fungua bwana!"

"Apana kucheka. Niitie mzee Hamissi. Mbio."

Mzee alikuja, akanusa kwenye tundu la ufunguo.

"Binti yangu, umeweka lugha ngapi?"

"Sita, mzee."

"Na watu wake?"

"Ni mashine, mzee."

"Basi ameingia kwa milango sita. Ataagwa kwenye yote sita."

Assia aliaga kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifaransa. Kila mara ile pumzi ilirudi nyuma hatua moja. Landry akakimbia mtaani, akamleta Mama Caritas muuza vitenge, aliyeaga kwa Kilingala na kuongeza matusi mawili ya kwake. Kisha akaja Mhindi wa duka la vyuma, akaaga kwa Kigujarati. Mlango ukaachia upana wa kiganja. Assia aliliona jicho la Landry, machozi yakamtoka.

"Imebaki moja," Landry alisema. "Gani?"

"Kifini."

"Ya nani hiyo?"

"Sijui. Bendera za lugha kwenye ukurasa zilikuwa tano, mstari ukaonekana mfupi, nikaongeza moja."

Landry akacheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni.

Assia akarudi mezani, akaufuta ukurasa, ukarudi. Akaiamuru mashine iseme kwaheri kwa Kifini, nayo ikasema. Na pale pale nyuma yake kitu kikajibu kwa sauti ile ile ya mashine, taratibu, kwa kuridhika, kama mgeni aliyeongezewa wali kwenye sahani. Mlango ukajifunga nusu ya upana ule.

Leo ni siku ya tatu. Landry anazunguka mahotelini, akimsimamisha kila mzungu: "Samahani, we ni Mfini?" Mama yake Assia amekaa kwenye ngazi, anampitishia vipande vya mkate kwenye mwanya wa mlango, halafu anamshika vidole viwili, maana vitatu havipiti tena.

Nanyi, wanangu mliokaa hapa, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: msimkaribishe mgeni kwa lugha ambayo hamna mtu wa kumuagia.