Jua Halinuki Mafuta ya Nywele

Wewe unayesoma, hebu niambie: jua linaweza kunuka mafuta ya nywele? Maana Melvin alipoleta Pijo 504 yake kwa karakana ya Wamalwa hapa Kitengela, alisema dashibodi ilipasuliwa na jua.

"Jua la Kajiado, fundi. Unajua vile linachapa."

Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa umekalia mji kama blanketi mbichi. Lakini sawa, gari la zamani kupasuka dashibodi si habari.

"Nimeagiza mpya, imekuja na ndege." Melvin akaweka boksi juu ya meza. "Toa hiyo, weka hii. Ya zamani usitupe. Choma."

"Sawa, boss," Wamalwa akasema. Huyu Wamalwa ako na digrii ya hesabu, ile kijiji kizima kilichangia, na leo anashona viti vya magari akiita boss watu wasioweza kugawanya kumi kwa mbili. Nchi ndiyo hiyo. Twende.

Melvin alipoondoka, Sankale, mwenzake wa kazi, alifungua mlango wa abiria akarudi nyuma hatua moja, akasalimu kwa Kimaasai. "Sopa, mrembo! Wamalwa, kuna mtu ametoka salon humu ndani."

Wamalwa akainama. Mafuta ya nazi, yale ya kopo la kijani. Harufu aliyoijua, ila hakukumbuka ni ya wapi. Halafu akaangalia ule ufa. Jua hupasua dashibodi juu, karibu na kioo, mistari myembamba mingi. Huu ulikuwa mahali pamoja tu, mbele ya kiti cha abiria: shimo limebonyea katikati, nyufa zikitawanyika pande zote. Ukubwa wa paji la uso.

Sankale akaligusa. "Bro. Iko moto."

Na kutoka chini ya ngozi ya dashibodi, polepole, kukaja mlio. Tk, tk, tk. Kama kucha ndefu za mwanamke anayengoja kwa mapokezi.

"Panya," Sankale akanong'ona.

"Panya wa kucha za gel?"

Hawakucheka.

Kufikia kesho yake karakana zote za jirani zilikuwa na habari, na pastor wa hema la pembeni akaja na kipaza sauti, akakemea jini kutoka Mombasa, akaliamuru lirudi baharini likazame. Watu wanapenda sana jini. Jini halina mamake. Ukilifukuza hakuna mtu atakuuliza OB namba ya polisi. Walipoimba mapambio, zile kucha ndani ya dashibodi zikashika mdundo, hazikukosea hata mara moja, na pastor akakumbuka ghafla ako na mazishi Mashuuru.

"Toa hicho kitu turudishe gari," Sankale akasema. "Mimi sitaki makuu."

Wamalwa akafungua skrubu, akaingiza vidole chini ya ngozi, akavuta, na ngozi ikaachia kama kigaga kinachotoka kwa kidonda, na sponji ikararuka, na ndani ya sponji akaona uzi, akadhani ni waya, akauvuta, ukaja, ukaendelea kuja, si waya, ni rasta, rangi ya damu ya mzee, na nyingine, na nyingine, zimesukwa vizuri hadi ncha, na ile harufu ya nazi ikamjaa kooni, na mlio ukahama ukaja chini ya mkono wake mwenyewe, tk, tk, tk, katikati ya kiganja, kama mtu anayembishia ndani ya ngozi yake.

Ya mwisho kutoka ilikuwa moja ya kijivu.

Nyuma yake thamosi ilianguka. Jacinta, mke wake, alikuwa ameleta chai.

"Hiyo ni mkono wangu," Jacinta akasema kwa sauti ndogo sana. "Baba Cindy, hiyo ni kazi yangu. Alisema, wifi, moja iwe ya kijivu, nikae kama kukhu, nyanya yetu."

Nakhumicha. Dadake Wamalwa, kitinda mimba, aliyekuwa akikaa kwao. Mwezi wa nne alipatikana amekufa kando ya lami, ukishapita Isinya. Polisi wa stesheni wakasema: alikuwa anatembea kwa miguu, akagongwa na gari lisilojulikana, poleni.

Kwao Wamalwa, mtu akifia njiani, ndugu huenda pale na tawi, wakamwita kwa jina, wakalivuta tawi hadi kaburini ili roho isibaki ikizurura. Walifanya hivyo. Walilivuta tawi kutoka kwa lami, wakaliongelesha kila daraja mpaka kwao Bungoma. Mama yao aliligusa akasema, "Hili ni tawi tu. Mtoto wangu mmemwacha wapi?" Tangu siku hiyo mama hafungi mlango akilala.

"Tulimwita barabarani," Jacinta akanong'ona. "Hakuwa barabarani. Alikuwa ndani ya gari. Kwa lami ulitupwa mwili tu."

Wamalwa akavunja tawi kwa ua, akalilaza juu ya ile dashibodi. "Nakhumicha, khuche engo. Twende nyumbani."

Mlio ukanyamaza. Akaliinua tawi na likawa zito, zito kama ndoo ya maji, machozi yakamtoka, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwa geti. Hapo kwa geti likawa jepesi. Na huko nyuma, kwenye Pijo iliyobaki vyuma vitupu mahali pa dashibodi, kucha zikaanza kugonga kioo cha mlango wa abiria.

"Hawezi kutoka," Jacinta akasema. "Mwenye alimfungia ndiye atamfungulia."

Melvin alikuja asubuhi. Ukungu mzito, hata mlingoti wa stima wa ng'ambo ya barabara hauonekani. Dashibodi mpya ilikuwa mahali pake, nyeusi, inang'aa.

"Safi sana! Ile nyingine ulichoma?"

"Boss," Wamalwa akauliza, "hapa alikuwa amekaa nani?"

Melvin akacheka, akaingia, akashika ufunguo. "Hapo? Hakuna mtu. Nilikuambia, fundi, ni jua."

Kwa kina Sankale, Wamaasai, jina la aliyekufa halitajwi. Hata la marehemu babake hajawahi kulitamka. Lakini Sankale alisogea hadi kwa dirisha, akavua kofia.

"Nakhumicha," akasema.

Kiti cha abiria kikabonyea, taratibu, vile hubonyea mtu akikaa. Halafu dashibodi mpya ikazama mbele yake, kama ugali chini ya kidole gumba, nyufa zikatawanyika, tk, tk, tk. Hakukuwa na jua. Melvin akakanyaga mafuta, akatoka na nusu ya geti, na jambo la mwisho Wamalwa aliona ni dadake akichukuliwa mara ya pili.

Sasa nyinyi wa stesheni, mlioandika "kwa miguu" bila kushuka kwa landikruza: dashibodi ya zamani haikuchomwa. Iko karakana, imefunikwa na leso, nywele ziko ndani. Njooni mchukue. Futeni uongo wenu, muandike alikuwa ndani ya gari, na gari ni la nani. Na wewe Melvin, popote uko kwa hiyo barabara na abiria wako, simama. Shuka, zunguka, fungua mlango wa upande wake, useme jina lake kwa mdomo wako. Mama yake bado hajafunga mlango.