Vumbi Si Kipande

Nilipoigusa sahani ya kwanza asubuhi ile, kidole changu kiliacha alama. Sahani zote za udongo zilikuwa zimejaa vumbi jekundu, maana stoo ya klabu yetu ya kulenga shabaha hapa Kiboko haina mlango. Niliona, lakini sikusema. Mimi si mtu wa kusema.

Kila Jumamosi, nikishawanywesha mbuzi maji, nilikwenda uwanjani kwa kocha Eunice. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bunduki, kuita "Vuta!" ili sahani irushwe, na kuilenga ikiwa bado inaruka angani. Sheria haina mchezo: lazima kipande kionekane kikimeguka. Likitoka vumbi peke yake, umekosa.

Siku hiyo mimi na Kimeu tulikuwa sare, ikabaki sahani moja moja ya kuamua. Mmoja wetu tu ndiye angekwenda Nairobi kwa mashindano ya vijana. Baba yake Kimeu ndiye hutununulia risasi, na alikuwa ameketi mbele kabisa, chini ya mwavuli.

Kimeu aliita. Bunduki ikalia. Vumbi likafuka, na sahani ikaenda zake nzima hadi vichakani.

"Amepiga!" akasema refa Mutisya.

Kocha Eunice alikunja uso, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Haya, Nduku," Kimeu akanicheka. "Rudi tu kwa mbuzi wako. Hao hawaruki."

Damu ilinichemka. Niliinua bunduki bila kuikaza begani, nikaita kwa sauti iliyokwaruza. Nilipofyatua, ikanipiga teke begani. Vumbi likafuka. Sahani ikaenda nzima.

"Amepiga!"

Shangazi yangu, aliyekuja kunitazama, akapiga vigelegele. Mimi nikazidi kukasirika. Kile kilichonifanya nimchukie Kimeu, ningekipokeaje mimi?

"Hapana, refa. Ni vumbi tu. Nimekosa."

Vigelegele vikakatika. Kimeu akaruka juu. "Ameshindwa! Amesema kwa mdomo wake!"

"Na yako ilikuwa vumbi!" Maneno yalinitoka kama kikohozi. "Uliona, Kimeu. Sema!"

"Wee msichana, shika adabu!" Baba yake alikuwa amesimama.

Lakini Kimeu alikuwa ameinamisha kichwa. "Baba, hata mimi sikuona kipande."

Refa akavua kofia, akajipangusa jasho. Alisema jua lilimpiga machoni. Akaamuru sahani zifutwe kwa kitambaa, kisha turudie sote wawili.

Kimeu alikosa, na safari hii hakuna aliyebishana. Zamu yangu ilipofika niliikaza bunduki begani, nikavuta pumzi, nikaita. Sahani ikapasuka, vipande vikamwagika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka.

Kocha Eunice akaja, akanishika lile bega lililouma.

"Nduku, hasira uliyoimeza ilikukosesha shabaha. Ulipoitoa kwa maneno ya kweli, ukaanza na kosa lako mwenyewe, ndipo ukapata haki yako. Usisahau hilo hata ukifika Nairobi. Mtu mkweli huanza na lake."

Niliitikia kwa kichwa. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini kifua changu kilikuwa bado kinawaka, na macho yangu yalikuwa kwenye kile kiatu chake.

"Kocha," nikasema, "wewe pia uliona. Na ukanyamaza."