Majina Sitini ya Prudencia

Saa saba mchana pale Mabatini, kwa mama lishe wa nyuma ya maduka ya simu, huwa hakuna adabu. Ni viwiko na sahani tu. Siku hiyo sufuria la wali lilikuwa limefika kwenye ukoko, na kwenye beseni la samaki alibaki sato mmoja, mnene, mkia umekaangwa ukakauka vizuri. Vidole viwili vikamnyooshea kwa pamoja.

"Huyo wangu," alisema msichana.

"Huyo nimemwona toka niko barabarani," alisema mwanamume.

"Kumwona siyo kumnunua, kaka."

Msichana alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, nywele kazisuka mistari ya kurudi nyuma, shingoni mkufu mwembamba wenye msalaba. Mwanamume alikuwa mrefu, shati jeupe kalikunja mpaka kwenye viwiko, begi la kompyuta kalibeba kifuani kama mama aliyebeba mtoto.

"Dada, wewe ni Mhaya," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Unagombania samaki kama unasoma risala."

"Na wewe ni Msukuma. Ungekuwa kabila lingine ungeshanyakua, lakini wewe bado unafikiria."

Mama lishe aliwachoka. Akampasua sato katikati kwa kisu. "Kichwa nani, mkia nani? Kaeni hapo, nina watu wengine."

Wakakaa benchi moja. Mwanamume alikuwa Masele, mtu wa Magu. Msichana alikuwa Prudencia, mtu wa Muleba. Masele alipomaliza kunyonya miiba akauliza ilipo ofisi ya Bwana Jonathan, yule anayeuza majina ya tovuti. Prudencia akacheka mpaka akashika meza, maana ndiko alikokuwa akifanya kazi mwaka wa tatu sasa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akitaka duka lake lionekane kwenye mtandao, anahitaji jina, na jina hilo lazima lisajiliwe kwa msajili, kampuni iliyo mbali huko nje. Jonathan aliwauzia watu wa Mwanza majina hayo kwa rejareja. Mteja akilipa kwa simu, mfumo wa ankara uliandika kwamba amelipa, basi, ukanyamaza. Aliyebaki ni Prudencia. Yeye ndiye alifungua ukurasa wa msajili, akaandika jina na namba ya mteja, akabofya kununua, na fedha ikakatwa kwenye akiba ambayo kampuni ya Jonathan iliiweka huko. Masele aliletwa aiunganishe mifumo hiyo miwili, ili mteja akilipa tu jina lijisajili lenyewe, bila mkono wa mtu.

Na mkono wa mtu ulikuwa ni wa Prudencia. Hilo kila mmoja ofisini alilijua.

"Sasa huyo ndiye unayemchekea?" aliuliza shangazi yake Odeta, ambaye Prudencia aliishi kwake. "Kaja kuchukua kiti chako, na wewe unamsogezea."

"Bosi kasema nitahamia kwenye kuhudumia wateja, shangazi."

"Kasema." Shangazi Odeta aliendelea kuchambua dagaa. "Kaandika?"

Lakini moyo wa Prudencia ulikuwa umeshatangulia. Kwa wiki mbili Masele alikaa pembeni yake kujifunza anavyofanya kazi, bega kwa bega, akimuuliza kwa upole kila hatua na kuiandika. Prudencia akampa hata nenosiri lake, ili majaribio yapite kwenye akaunti yake. Msajili alikuwa ametoa milango miwili: wa majaribio, ambako ukinunua ni mchezo na hakuna kinachokatwa, na mlango wa kweli. Kila mlango una ufunguo wake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Masele alifanyia kazi kwenye ule wa majaribio, na kila alipojaribu aliandika jina lilelile: pruwangu.

"Hii nini?" Prudencia aliuliza siku alipoliona kwenye kioo.

"Jaribio."

"Jaribio gani lina 'wangu' mwishoni?"

"Naangalia kama itakubali."

"Mashine?"

"Hata mashine."

Mashine ilikubali, na Prudencia akakubali. Jumapili wakatembea ufukweni, upepo wa ziwa ukimpeperusha gauni naye akilishika, Masele akijifanya hatazami.

Ijumaa moja mchana Jonathan alitaka kuona kazi kwa macho yake. Masele akatoa ufunguo wa majaribio, akaweka wa kweli, akanunua jina moja la mteja. Likaingia kwa sekunde tatu. Bosi akapiga makofi. Kilichobaki kilikuwa kuurudisha ule wa majaribio. Masele alikuwa akiinama kufanya hivyo, jioni hiyo ofisi imeshaanza kutulia, simu yake ikaita.

"Ngosha wangu," alisema Prudencia, akimwita mwanamume kwa Kisukuma.

"Pru wangu. Umeshafika nyumbani?"

"Nimefika, nimechoka, nataka kucheka. Kitendawili."

"Tega."

"Nimefunga mlango na dirisha, mgeni kaingia akalala kitandani."

"Mwizi!"

"Mwizi wa wapi! Nipe mji."

"Nakupa Bukoba."

"Bukoba ni kwetu, utanipaje kilicho changu?"

"Basi chukua Magu, na ng'ombe wa baba wote."

"Nimekwenda Magu, nimekunywa maziwa, nimesalimia wajomba mpaka magoti yanauma. Jibu ni harufu ya dagaa. Shangazi kaanika uani."

Masele alicheka peke yake kama mwenda wazimu.

"Haya, kingine," alisema Prudencia. "Nimewagawia watu wote, na mimi bado ninalo zima."

"Hilo ni jina."

"Umepata."

"Na lako nalipenda. Ngoja nikununulie."

"Si ulishanunua?"

"Nanunua la kila mwaka tutakaokaa pamoja. Taja idadi."

"Hamsini?"

"Bahili wewe."

"Sitini basi, na usipunguze hata mmoja!"

Masele akaiamrisha mashine: pruwangu la kwanza mpaka pruwangu la sitini. Akabofya. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo. "Yanaingia, Pru. La kumi hilo. La thelathini..." Prudencia upande wa pili kaziba mdomo kwa khanga shangazi asimsikie.

Ufunguo uliokuwa ndani ni ule wa kweli.

Jumatatu asubuhi Jonathan alisimama katikati ya ofisi. Ni mtu wa sauti ndogo, na siku hiyo ilikuwa ndogo zaidi.

"Prudencia, njoo. Akiba yetu kwa msajili imekwisha. Toka Jumamosi wateja kumi na mmoja wamelipa na hawakupata majina yao. Zahanati moja jina lao limeshachukuliwa na mtu mwingine. Nimeangalia ilikokwenda fedha. Akaunti yako, nenosiri lako, jina lako. Sitini. Nani huyo anayekuita Pru wangu mpaka umnunulie kwa fedha ya kampuni?"

Wenzake waliacha kubofya. Prudencia akamtazama Masele.

Jonathan naye akamgeukia. "Masele, wewe fundi. Hii mashine inaweza kununua majina sitini yenyewe?"

Masele alikuwa ameshafungua ukurasa wa ufunguo, ameshaona. Ulikuwa ule wa kweli. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kulipwa nusu iliyobaki ya kazi yake. Na fundi aliyemaliza akiba ya mtu kwa mchezo, nani tena Mwanza atamwita?

"Itabidi nichunguze, bosi," alisema.

Prudencia angeweza kunyoosha kidole. Ilitosha neno moja. Lakini alitaka lisitoke kwake, alitaka litoke kule kulikokuwa na wajibu. Alingoja. Alingoja mpaka kungoja kukawa aibu. Kisha akatoa funguo za ofisi kwenye mkoba, akaziweka mezani taratibu, akatoka.

Mchana simu yake iliita mara tisa ndipo akaipokea.

"Pru, mpenzi wangu, nisikilize. Nikishalipwa kesho narudisha hela yote, kimya kimya, halafu..."

"Kimya kimya?"

"Ndiyo, bila kelele, na wewe utarudi kazini."

"Masele, kuna watu wananiambia ulikuja kuchukua kiti changu. Nikawa nakutetea."

"Wallahi sikukusudia, Pru!"

"Najua hukukusudia. Nilikuwa kwenye simu nikicheka, nitasemaje ulikusudia? Ila mbele ya kompyuta umeniita mara sitini. Leo mbele ya watu watano umeshindwa hata mara moja."

Akakata.

Jumanne picha ya Prudencia ilikuwa mlangoni mwa ofisi, imechapwa kwa rangi, chini yake maandishi: Tangazo kwa wateja wetu. Anayeonekana pichani si mfanyakazi wetu tena. Atakayefanya naye malipo, ni juu yake mwenyewe. Ilikuwa picha aliyopigwa sikukuu ya Krismasi, katabasamu, na gauni lilelile la kijani. Mpaka jioni ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya wasapu, ikaingia kwenye kundi la kwaya yake, ikavuka ziwa ikafika Muleba. Baba yake, mwalimu mstaafu, akapiga simu.

"Prudencia, hii picha ni yako?"

"Shikamoo baba. Ni yangu."

"Marahaba," alisema mzee. Prudencia alisikia tu pumzi zake, na redio nyuma.

Siku hiyohiyo Masele aliitwa kuchukua malipo yake. Mlangoni akakutana na lile tabasamu. Hakuwa na habari. Alisimama mbele ya karatasi muda mrefu, mteja mmoja akamwambia, "Wezi wa siku hizi wazuri hivyo, kaka." Masele akaingia ndani, akapewa bahasha, akaishika, akairudisha juu ya meza.

"Ni mimi, bosi. Nilisahau ufunguo wa kweli ndani. Nilikuwa nacheza, namtongoza. Prudencia alijua ni mchezo."

Jonathan alimtazama. "Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mdomo hukuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Jonathan hakupaza sauti. Aliivuta bahasha upande wake, akaenda mlangoni, akaibandua picha kwa mkono wake. "Hii nimeitoa," alisema akirudi. "Zilizomo kwenye simu za watu nitazibandua kwa mkono gani?"

Neno hilo Masele alitembea nalo mpaka chumbani kwake. Majina sitini yalikuwa yamelipiwa mwaka mzima, hayarudishiki, yamekaa matupu kama vibanda vilivyofungwa. Akakaa chini. Katika kila jina akaweka ukurasa mmoja, na katika kila ukurasa picha yake mwenyewe, ile ya kitambulisho, uso umekakamaa, na maneno haya: Tangazo. Anayeonekana pichani ndiye aliyenunua majina haya sitini kwa fedha isiyo yake. Prudencia hakuchukua hata senti. Nilipoulizwa mbele ya watu, niliogopa, nikamwacha alaumiwe. Mimi Masele Mhoja. Akaweka na namba yake ya simu. Kisha akatuma kwenye makundi yote aliyoyajua, moja baada ya jingine.

Simu ikaanza kuita. Wengine walicheka, wengine walimtukana. Mteja mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi Buzuruga akamwandikia kwamba amepata fundi mwingine.

Jonathan naye alimpigia Prudencia, akamwomba radhi, akamwomba arudi. "Asante, bosi," alijibu. "Ila siku ikipungua shilingi mia, wote mtageuza shingo upande wangu." Alikuwa ameshapata kazi Sengerema, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala.

Jumamosi Masele alikwenda Mabatini, nyumbani kwa shangazi Odeta, akabisha hodi kwa kikohozi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye majina?"

"Ndiye mimi."

Shangazi Odeta alimpima toka viatu mpaka kichwa. "Unaonekana mdogo kuliko makosa yako. Kaenda gatini. Kivuko cha saa nane."

Masele alikimbia. Gatini kulikuwa na watu wa kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, magunia, majogoo yamefungwa miguu, pikipiki zikipanga foleni. Prudencia alikaa kwenye benchi la abiria, sketi nyeusi, blauzi ya bluu, mkoba kauweka pembeni yake kuziba nafasi.

"Pru."

"Sema."

"Naomba tusogee pale pembeni, tu..."

"Hapa hapa."

Masele akatazama watu. "Huyu dada," alianza, "huyu dada anaitwa Prudencia..."

"Sema kwa nguvu, baba, huku nyuma hatusikii!" alidakia mama mmoja mwenye jogoo.

"Si ndiye yule wa tangazo?" mwingine akanong'ona.

"Ndiye mimi!" Sauti ya Masele ilipasuka. "Mnayo picha yake kwenye simu zenu. Aliitwa mwizi kwa sababu yangu, nami nikanyamaza, nikiogopa kukosa hela. Hela nimekosa, na yeye nimemkosa. Nampenda. Hivyo tu."

Prudencia aliangalia maji. Kisha akauinua mkoba wake kwenye benchi, akauweka mapajani. Masele akakaa.

"Unaenda kweli?" aliuliza taratibu.

"Naenda. Nimeshaahidi kazi." Geti lilikuwa likifunguliwa, watu wakiinuka. "Jumapili ijayo nitakuwa kwa shangazi. Njoo na mtu mzima wa kukusemea."

"Si nimeshasema?"

"Yako nimeyasikia. Sasa nataka kujua kwenu wanasemaje kuhusu msichana wa kwenye picha."

Akaingia kivukoni bila kugeuka. Masele alibaki gatini mpaka honi ilipolia, akatoa simu, akampigia mama yake Magu, hapohapo katikati ya watu.

"Mama, nataka kuoa. Anaitwa Prudencia, mtu wa Muleba."

Mama yake akalirudia jina. "Prudencia... Masele, si yule mwizi tuliyeletewa kwenye simu?"

"Ndiye huyohuyo, mama, na mwizi siye," alisema Masele kwa sauti kubwa, mpaka mwenye pikipiki akageuka. "Kaa kitako, nikueleze nilichofanya."