Mchezo Wenye Jina la Mjomba

Kila asubuhi, mpunga ulipoanza kuiva, Kandida alipanda ulingoni kufukuza ndege. Alikuwa na kombeo na rundo la madonge ya udongo, na sauti yake ilisikika mpaka shamba la tatu. Jua likishapanda kidogo, mama yake, Stefania, alikuja kumpokea. Kandida alishuka, akanawa matope miguuni, akashika njia ya kwenda shule ya misheni pale Ifakara, huku akitafuna kiporo.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama, na mjomba wake Wendelin, aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi pale Kivukoni. Baba yake alikufa katika njaa iliyofuata vita vya Maji Maji. Ilikuwa imepita miaka saba tangu vita vile vianze. Wadachi, yaani Wajerumani, bado walitawala, boma lao likiwa Mahenge, na watu walikuwa wamezoea kuvitaja vita hivyo kwa sauti ya chini, au kutovitaja kabisa.

Siku moja Mwalimu Hilari aliingia darasani na gazeti la Kiswahili lililochapwa pwani.

"Wametangaza shindano," alisema. "Wanataka mchezo mfupi wa kuigiza, ulioandikwa na mwanafunzi. Utakaoshinda utachapwa humu gazetini. Andikeni jambo mnalolijua wenyewe."

Eufrasia, aliyekaa benchi moja na Kandida, alimnong'oneza, "Mimi sijisumbui. Watashinda watoto wa pwani. Sisi tutakuwa tumemaliza wino bure."

"Mimi nitajaribu," Kandida alijibu.

Jambo alilolijua sana lilikuwa moja tu. Lilitokea alipokuwa na miaka sita. Mjomba alikuwa miongoni mwa watu waliogawa maji ya dawa kijiji kwa kijiji, na waliojulikana kwa kazi hiyo walinyongwa. Askari walipokuja kumtafuta, mama alimlaza ndani, akamfunika mkeka, kisha akakaa mlangoni. "Ndani kuna mgonjwa wa ndui," aliwaambia. Askari hawakuthubutu kuingia. Baada ya vita mjomba alibatizwa, akapewa jina la Wendelin, na jina lake la zamani, Matimbwa, halikutamkwa tena.

Kandida aliandika kwa siku nne. Maneno yalimjia kama vile mama yake alikuwa akizungumza pembeni. Alipomaliza alikuwa na kurasa sita. Juu kabisa aliorodhesha wahusika, kama mwalimu alivyowafundisha. Alitaka wasomaji wa pwani waamini kwamba jambo hili lilitokea kweli, kwa hiyo aliandika: "Matimbwa, ambaye siku hizi anaitwa Wendelin, mvushaji wa Kivukoni." Hakumwonyesha mtu nyumbani. Alitaka waje washangae watakapoliona gazeti. Ijumaa akaikabidhi kazi yake, imekunjwa vizuri.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Hilari alisema, kama jambo dogo tu, "Michezo yenu imeondoka na tarishi leo. Itapita bomani Mahenge kwanza. Karani wa boma huzisoma karatasi zote kabla hazijapelekwa pwani."

 Chaki ilimdondoka Kandida. Akilini alimwona karani akifungua kurasa zake, kidole chake kikishuka mpaka kwenye lile jina. Aliona pingu. Aliona mtumbwi wa mjomba ukiwa mtupu.

Akawaza: nikinyamaza, pengine karani hataisoma. Pengine ataisoma haraka haraka. Lakini kila "pengine" ilimrudisha kwenye lile jina. Aliinuka bila kuomba ruhusa, akaenda mpaka mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, nimekosa," alisema, na machozi yakaanza kutoka. "Kwenye mchezo wangu nimeandika jina la mtu anayetafutwa."

Mwalimu Hilari alimtazama. Hakuuliza ni nani. Alichukua kofia yake.

"Tarishi hajafika mbali. Twende."

Njia ya Kivukoni ilipita kando ya shamba lao. Mama alipowaona wakikimbia alishuka ulingoni, na Kandida akamweleza huku wakienda. Stefania alisimama ghafla.

"Umeandika jina lipi?"

"La zamani, mama. Na la sasa."

 Mama alifunga kanga yake vizuri, akatangulia mbele yao kwa mwendo ambao Kandida hakuwahi kumwona nao.

Walipofika mtoni, mtumbwi ulikuwa bado ufukweni. Tarishi alikuwa ameshakaa, mfuko wa barua mapajani. Mbele yake alikaa askari mwenye bunduki, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi. Na nyuma, kasia mkononi, tayari kusukuma, alisimama mjomba Wendelin. Aliwatabasamia. Hakujua lolote.

"Naomba mfuko kidogo," Mwalimu Hilari alimwambia tarishi. "Kuna kazi ya mwanafunzi wangu haijakamilika. Nataka kumrudishia."

Tarishi alisita, akamgeukia askari. Askari alinyoosha mkono. "Karatasi gani hiyo ya kukimbiliwa na watu watatu? Nipeni niione."

Mwalimu alizitafuta zile kurasa sita, akazitoa. Hakuwa na namna nyingine. Askari alizigeuza huku na huku. Hakujua kusoma. Akamkabidhi Kandida.

"Wewe ndiye uliyeandika? Soma nisikie."

Kandida alizishika karatasi. Herufi zilicheza mbele ya macho yake. Alisikia maji yakigonga ubavu wa mtumbwi, na pumzi ya mama yake nyuma ya bega lake. Kidole chake kikifuata mistari, akaanza kusoma katikati ya ukurasa, pale mama wa mchezoni anapokaa mlangoni.

"Mbona umeanzia katikati?" askari aliuliza. "Juu kumeandikwa nini?"

"Majina ya wahusika, bwana."

"Nayo yasome."

Jina la mjomba lilikuwa pale, kwa wino mweusi, herufi kubwa kuliko zote. Mjomba mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Kandida alilifunika jina kwa kidole gumba. 

"Mama," alisoma taratibu. "Mtoto. Mgonjwa. Askari wawili."

"Endelea."

Akaendelea. Alisoma mama akiwaambia askari wasisogee, kwa kuwa ndani kuna ndui. Alisoma mtoto akilia, askari mmoja akimwuliza anaumwa nani, na mtoto akijibu, "Usiingie, bwana, na wewe utakufa." Kila palipoandikwa jina, alisema "mgonjwa."  Upande wa nyuma wa mtumbwi, kasia lilikuwa limetulia kama limeota mizizi majini. Mjomba alikuwa ameshaelewa. Hakuinua uso.



"Ndui ilimchukua rafiki yangu mwaka wa vita," askari alisema mwishowe. "Mlango kama huo na mimi nisingeingia. Huyu mgonjwa wako, alipona?"

"Sijaandika bado, bwana."

"Basi kweli kazi yako haijakamilika." Akajikalisha vizuri, akaweka bunduki magotini. "Kaiandike apone. Mvushaji, twende, jua linapanda."

Mjomba Wendelin alisukuma mtumbwi. Hakuna aliyeondoka ufukweni mpaka mtumbwi ulipofika ng'ambo, wale wawili wakashuka, na mjomba akarudi peke yake. Hapo ndipo Kandida alipokaa mchangani, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, mjomba."

Mjomba alikaa karibu naye.  "Nisomee tena," alisema, "na sasa soma kama ulivyoandika."

Kandida alimsomea yote, kwa sauti ndogo. Mwisho wake mjomba alijifuta uso.

"Mama yako alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Umeandika vizuri, mwanangu. Ungeniuliza, hadithi ningekupa. Jina tu ningebaki nalo."

Kandida alichana ukurasa wa kwanza vipande vidogo, akanyofoa jina kila lilipoandikwa kwenye kurasa nyingine, akavitia vyote mtoni. Kisha akamgeukia mwalimu. "Siku ya mwisho ya shindano haitanisubiri. Eufrasia alisema kweli, nimemaliza wino bure."

"Hapana," alisema Mwalimu Hilari. "Wiki iliyopita ulikuwa hujui kwamba unaweza kuandika kurasa sita. Shindano ndilo lililokukalisha chini ukaziandika, na faida hiyo ni yako hata kama jina lako halitachapwa popote. Mwakani watatangaza jingine, nawe utapeleka. Lakini uzishike karatasi zako na ujiulize maswali mawili kwanza: itasomwa na nani, na ni maisha ya nani niliyoandika humu? Usipokuwa na jibu, usipeleke. Na ukishakosea, fanya kama ulivyofanya leo. Useme mapema. Ungengoja mpaka kesho, tungekuwa tunalia mahali pengine."

Stefania alimshika binti yake mkono, akamwinua.

"Twende," alisema. "Ndege wanatumalizia mpunga. Na huko ulingoni utaniambia huyo mgonjwa atapona vipi."