Aliyebaki Ndani ya Tangi

Maji yaliyotoka kwenye lile gari yalikuwa na uvuguvugu, kama maji aliyochemshiwa mtoto kuoga. Hapo ndipo walipotakiwa kushtuka. Lakini niambie, nani anashtushwa na maji ya uvuguvugu? Fundi alifungua koki ya chini ya tangi, akanawa mikono humo humo, akasema ni jua tu. Kweli jua lilikuwa kali. Ila gari lenyewe lilikuwa limelala kivulini tangu liletwe, na hilo hakuna aliyelifikiria. Maji yakamiminika mtaroni, yakaenda zake.

Lilikuwa gari la zimamoto la zamani, lenye pua ndefu, kengele ya shaba ubavuni na ngazi ya mbao mgongoni. Kazi ya Fundi ndiyo hiyo: kuyafufua magari ya zimamoto ambayo hata wanunuzi wa vyuma chakavu wameyakataa. Wenzake wanafuga njiwa, yeye anafuga magari yaliyostaafu. Karakana yake ilikuwa uani kwake, nyuma ya nyumba, pamezungushiwa ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na geti moja tu la bati. Alifanya kazi na watu wawili: mkewe, ambaye hakuna aliyemfikia kwa kupaka rangi na kung'arisha shaba, na Sindano, mdogo wake huyo mke.

Sindano alikuwa mwembamba hasa, jina lilimkaa. Mama yao alifariki yeye bado hajaota meno, na ni dada mtu aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamchapa, akamsomesha. Watu wakimuuliza dada huyo ana watoto wangapi, alimhesabu na Sindano. Fundi alikuwa akimtania kwamba alioa mke akapewa na nyongeza.

Tangi lilikuwa kazi ya Sindano peke yake, kwa sababu tundu la juu lilikuwa dogo, na Fundi na kitambi chake asingepita hapo hata apakwe grisi. Ndani, tangi la zimamoto si pipa tupu. Limegawanywa kwa kuta za bati ili maji yasiyumbe gari linapokata kona, kwa hiyo kuna vyumba vyumba, na kila ukuta una tundu chini. Anayekwangua kutu hujipenyeza chumba hadi chumba kwa tumbo, tochi mdomoni, brashi ya waya mkononi. Hewa ya humo si ya kuaminika, ndiyo maana walikuwa na utaratibu wao: wa nje hugonga bati kwa spana, wa ndani hujibu kwa kugonga. Asipojibu, kazi inasimama na mtu anatolewa.

"Shemeji, ukinisahau humu nitamwambia dada," Sindano alisema huku miguu yake ikining'inia ndani ya tundu.

"Nikikusahau humo, nyumba itapata utulivu. Ingia bwana!"

"Dada, unamsikia mumeo?"

"Ingieni wote wawili, nipumzike," dada mtu akajibu, akacheka.

Kazi ikaenda vizuri. Brashi ilikwaruza, kutu ikadondoka, mke akasugua kengele yake huku akiimba kwa pua. Fundi akagonga, akajibiwa. Akagonga tena, akajibiwa. Akagonga mara nyingine, na safari hii jibu likatoka mbele ya tangi na nyuma ya tangi kwa wakati mmoja.

"Umesikia?" alimuuliza mkewe.

"Nini?"

"Kajibu kotekote."

"Bati hilo, linarudisha sauti. Umeanza lini kuogopa bati?"

Basi akashika spana yake tena. Ila harufu ikaanza. Haikuwa harufu ya kutu, kutu wanaijua. Ilikuwa ile harufu ya nyumba iliyoungua ikamwagiwa maji, majivu yaliyolowa na nguo zilizoungua nusu. Mke akaacha kuimba. Wakasikia brashi ikikwaruza chumba cha mbele, kisha wakasikia brashi ikikwaruza chumba cha nyuma, na zote mbili zikikwaruza pamoja, kwa mwendo uleule. Brashi aliyoingia nayo Sindano ilikuwa moja.

Fundi alipanda juu ya gari, akainama kwenye tundu. "Sindano! Uko chumba gani?"

"Cha mbele, shemeji." Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, "Shemeji, nani umemwingiza huku nyuma yangu?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Nikikwangua anakwangua. Nikiacha, anaacha."

"Toka! Toka sasa hivi!"

Kukawa na purukushani ndani, magoti yakigonga bati, pumzi zikikimbizana. Mikono ikatokeza kwenye tundu. Fundi akaidaka, akavuta kwa nguvu zake zote, na Sindano akatoka, amejaa kutu mwili mzima, meno yakigongana. Dada mtu akamfunika shuka, akamkalisha juu ya tairi, akamshikashika uso na mabega kama vile anatafuta palipovunjika.

"Mbona baridi hivi, jamani?"

"Humo kuna baridi, dada."

"Wewe kijana utaniua kwa presha," alisema Fundi, naye akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Mke naye akacheka. Walikuwa bado wanacheka pale tangi lilipogongwa kutoka ndani.

"Shemeji?" Ilikuwa sauti ya Sindano. "Mbona mmenyamaza? Tochi imezima. Silioni tundu."

Kicheko kikawafia mdomoni. Aliyekaa juu ya tairi aliacha kutetemeka ghafla.

"Usimjibu, dada," alinong'ona.

Wakati huohuo geti likafunguliwa. Aliyeingia alikuwa dereva mzee, aliyeliendesha gari hilo enzi zake, na ambaye tangu lifike hapo alikuwa akija kulitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Alibeba salamu zake mdomoni, hakuzitoa. Macho yake yalikuwa mtaroni, penye alama ya maji.

"Nani kamwaga maji ya tangi?"

"Mimi," alisema Fundi. "Nitakwanguaje kutu na maji yamo?"

Mzee alishika kichwa. Ukimwona mtu mzima ameshika kichwa namna ile, unajua hakuna tena cha kuficha. Akasema haraka haraka, bila kuwatazama: zamani, kwenye moto mmoja mkubwa, maji yaliwaishia, wakavunja mfuniko wa kisima kilichofungwa miaka mingi, wakavuta maji humo. Wenyeji waliwakataza, lakini watu walikuwa wanaungua, nani angesikiliza? Moto ulizimika. Tangu siku hiyo maji ya tangi hayakupoa tena. Mkubwa wao akaamuru gari lile lisiegeshwe tupu hata siku moja, maji yaongezwe juu tu, yasimwagwe, kwa sababu aliyekuja na maji yale amepata nyumba na akinyang'anywa atajitafutia nyingine.

"Na hukutuambia!" mke akafoka. "Kila siku unakuja hapa kupapasa usukani, hukutuambia!"

"Ningesema, mngelikataa. Lingetupwa lioze." Mzee alikuwa analitazama gari. "Ni gari langu, mwanangu. Nililipenda."

"Dada!" ikaita sauti ya ndani. "Unaongea na nani? Nivute mkono tu, nitapita."

"Dawa yake ni nini?" Fundi aliuliza.

"Rudisheni maji. Jazeni mpaka mdomoni, mfunge mfuniko, mkaze nati zote. Atatulia."

"Na aliyemo?"

"Aliyemo ndiye yeye. Mtu wenu mmeshamtoa, huyo hapo."

"Una uhakika?" mke aliuliza.

Mzee alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume kuelekea getini.

Mke akasogea katikati, baina ya tairi na gari, akamtazama aliyekaa, akalitazama tundu. Hakuwa mwanamke wa kukaa chini.

"Siku tuliyomzika mama," alisema, "wewe ulikuwa wapi?"

"Mgongoni kwako, dada," alijibu wa kwenye tairi.

"Mgongoni kwako, dada," ilijibu sauti ya ndani ya tangi.

Zilitoka pamoja. Hakuna iliyotangulia.

Fundi alikuwa tayari ameushika mfuniko. "Mke wangu, nisikilize. Huyu tunamwona. Huyu tumemshika kwa mikono yetu. Acha nifunge."

"Na kama ni yule?"

"Basi itakuwa—"

"Itakuwa umemzamisha mdogo wangu kwenye maji kama panya. Sema tu! Sema, nikusikie."

Mke akapanda juu ya gari, akamsukuma mumewe kwa bega, akakaa pembeni ya tundu na kuingiza mkono gizani. Mkono mwingine ukaushika. Akavuta, na Sindano akatoka, amejaa kutu mwili mzima, meno yakigongana, akamkumbatia dada yake kiunoni na kulia kama mtoto.

"Asante, dada. Nilijua hutaniacha."

Sasa walikuwa wawili. Wakatazamana, huyu juu ya tairi na huyu juu ya gari, kila mmoja akimnyoshea mwenzake kidole: "Ni huyo!" Mke alimtafuta mzee amuulize, lakini mzee alikwishatoka, na geti lilikuwa limefungwa nyuma yake.

"Mmoja wao ni wetu," alisema mke. "Hilo linanitosha. Tutaishi nao wote mpaka tumjue."

"Basi angalau nijaze hili tangi," alisema Fundi, "lisikae tupu." Akafunga koki ya chini, akachomeka mpira wa maji kwenye tundu, akafungua bomba. Maji yakaanza kunguruma chini.

Wala hayakufika mbali.

"Shemeji! Zima maji!" Kikohozi, bati likipigwa kwa viganja. "Mimi bado nimo! Dada, bado nimo humu!"

Mke alipiga ukelele. Fundi, ambaye alikuwa hajalia tangu afunge ndoa, alifunga bomba huku machozi yakimtiririka, na wale wawili, waliokuwa wakinyosheana vidole muda mfupi uliopita, walikuwa wamesimama bega kwa bega, na kwa sauti moja wakasema:

"Usimsikilize, dada."

Hapo mke alielewa. Alielewa kwamba huenda hata mmoja kati ya hao wawili si wake, na kwamba mdogo wake, yule hasa, yule aliyemnyonyesha kwa chupa na kumfunga mgongoni akienda kuchota maji, yumo humo gizani, kwa tumbo ndani ya maji, anasikia sauti yake mwenyewe ikijibu nje badala yake. Akaingiza mkono tena. Akashikwa. Akavuta. Akatoka Sindano, amelowa, akikohoa, akimshukuru. Na kabla hajamfuta uso, ndani pakagongwa.

Akamtoa na huyo. Pakagongwa. Akamtoa na mwingine, na mwingine, na kila aliyetoka alilia kilio kilekile na kusema asante ileile, kisha alishuka kwenye gari taratibu na kwenda kusimama na wenzake mbele ya geti, kimya, maji yakiwachuruzika, na uani pakaanza kujaa, na ile harufu ya majivu yaliyolowa ikawa nzito mpaka Fundi akawa anapumulia kwenye kola ya shati lake, akijibana kwenye ukuta chini ya vipande vya chupa kwa sababu nafasi ya kusimama ilikuwa inakwisha, na kila alipogeuza macho alikutana na uso wa shemeji yake, na mashemeji wote walikuwa wanatazama upande mmoja, kwa mke wake.

"Mke wangu," Fundi alimwita kwa kunong'ona. "Inatosha. Nakuomba, funga. Hawatatuacha tutoke hapa."

"Nifunge?" Mikono yake ilikuwa imechubuka mpaka viwikoni, inavuja damu kwenye ukingo wa tundu. "Nifunge na huenda anayefuata ndiye?"

"Na kama alikwishatoka?"

"Na kama hajatoka?"

Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukuta. Hakuna aliyesogea uani. Wote walikuwa wanasubiri, kama watu waliokuja msibani wanaosubiri mwenye nyumba aseme.

Mke alijifuta damu kwenye gauni, akainama mpaka uso wake ukaingia ndani ya tundu.

"Kuna mwingine humo?" aliuliza.

Maji yalikuwa yakidondoka ndani. Kisha, mbali, kutoka chumba cha mwisho kabisa, ikaja sauti iliyochoka, iliyokauka kwa kuita.

"Nipo, dada. Nisubiri."

Akanyosha mkono.