Sahihi ya Bujar

Duka la mashine za kufulia la Mtaa wa Dyckman lilijaa hadi mlangoni Jumamosi ile. Mashine ilimeza mashuka ya Yudelka ikagoma kufunguka. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, mafuta mpaka viwikoni, akaigonga kwa goti mara moja. Ikafunguka.

"Wewe nani?"

"Bujar. Mtunzaji mpya wa jengo lenu. Wewe ni wa 4C, nyumba yenye bomba linalovuja."

"Kumbe unanijua kwa bomba."

"Sasa nitakujua kwa mashuka, Bibi Bomba."

Wakapendana majira yote ya baridi, Yudelka akilala na koti kwa sababu nyumba haikupata joto. Machi barua ikaja: mwenye jengo ameweka boila mpya, mtambo wa kupasha nyumba joto, kwa hiyo kodi inapanda, na haitashuka tena. Doña Mireya, mama yake, alikuwa na miaka thelathini na moja mle ndani. Kwa kodi hiyo wangehama kabla ya kiangazi.

Yudelka akaomba faili la jengo kwenye ofisi ya kodi za nyumba. Karatasi ilisema boila imepokelewa. Chini, sahihi ya Bujar.

Akampigia. "Ulisaini?"

"Mpenzi, nasaini kila kinachoshuka kwenye lori. Rangi, vioo, sabuni. Boila ilishuka asubuhi, jioni wakaihamishia jengo lao jingine."

"Ukanyamaza."

"Nikisema wananifukuza. Chumba ninacholala ni cha kazi."

"Basi lala. Mama yangu atalala barabarani."

Akakata simu, akaifungia namba yake.

Siku ya mwisho ya kupinga kodi hiyo, foleni ya ofisi ilifika kwenye ngazi. Yudelka alikuwa na sare yake ya kazi ya kuhudumia wazee na picha moja ya kipimajoto kilichoonyesha baridi ya nyumbani.

"Haitoshi," karani alisema. "Mtunzaji wa jengo amesaini kwamba boila ipo."

Yudelka akasikia harufu ya dawa ya nondo wa nguo nyuma yake. Bujar, ndani ya suti iliyombana mabega, sanduku mkononi. Akaweka picha mezani: boila ileile kuukuu, yenye kutu.

"Aliyesaini ni mimi. Boila mpya haipo. Niandikie hivyo."

"Anwani yako?"

Bujar akapapasa mfuko wa suti. Funguo za chumba cha kazi alikuwa amezirudisha asubuhi ile.

Yudelka hakumtazama. Alilitazama sanduku.

"Andika 4C," alisema.

"Atakaa hapo mpaka lini?" karani aliuliza.

"Mpaka watutoe."