Kitufe cha Mviringo

Maandishi ya maelekezo ya gemu yalirudi kwenye runinga wiki ya tatu baada ya maziko, saa kumi alasiri, mjane akiwa na bisibisi mkononi na redio ya mteja magotini.

*Bonyeza kitufe usogee.*

Mjane alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, na maandishi yale aliyazima mwenyewe. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimtania kwa jina la Mzee Gemu, mikono ilipoanza kumkatalia, aliungiwa upya na mkewe nyaya za rimoti yake ya mchezo, kazi ya vitufe vyote ikabebwa na kimoja cha mviringo. Hilo alilikubali. Maelekezo ya kwenye kioo aliyakataa katakata.

"Kitufe kimoja sawa, mke wangu. Ila kusomeshwa kama mtoto wa chekechea, hapana. Yazime."

Akayazima. Tangu hapo, kila gemu lilipowaka, Mzee alimfanya mtu wake wa kwenye gemu aruke mara tatu, ndiyo salamu yake kwa mkewe.

Sasa mjane akaichukua rimoti, akakibonyeza kitufe. Mtu wa kwenye runinga hakusogea. Kilichosogea ni kiti cha marehemu, nyuma yake, kikikwaruza sakafu, na chumba kikanuka dawa yake ya kuchua mikono. Alilia kwa furaha.

Kesho yake: *Bonyeza akae karibu.* Akabonyeza.

"Wifi," dada wa marehemu alinong'ona mlangoni, "kaka hakuyataka maandishi. Huyo anayeandika ni nani?"

"Najua siyo yeye."

"Sasa unabonyezea nini?"

"Kiti kinasogea, wifi. Nyumba nzima hakuna kingine kinachosogea."

Mfa maji haachi kutapatapa. Siku ya tatu kioo kiliandika *Shikilia umpe mkono*, naye akashikilia, na ubaridi ukampanda kutoka kidoleni hadi kiwikoni, taratibu, huku kitu kisichopumua kikimwegemea begani na harufu ya dawa ikigeuka kuwa ya udongo mbichi, mpaka bisibisi aliyokuwa nayo mkono huohuo ikamponyoka na vidole vikakataa kuiokota, vimekufa ganzi kama vya marehemu.

Wifi alikimbia kumleta mganga, mama mfupi asiye na maneno mengi.

"Jini hana miguu humu ndani," mganga alisema. "Kila ukibonyeza unampa yako. King'oe kitufe mwenyewe."

Mjane aliking'oa kwa mkono uliobaki mzima, machozi yakimtiririka. Mganga akakifunga kitambaani, akaondoka nacho. Harufu ikakatika, vidole vikarudiwa na uhai, na wifi akaketi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndipo runinga ikawaka. Hapakuwa na maandishi. Yule mtu wa gemu akaruka mara moja, mbili, tatu, kisha akasimama kumtazama mjane, akisubiri.

"Zima, wifi. Nakuomba."

"Angekuwa yeye, angeniaga vipi zaidi ya salamu yake hii?"

Mjane aliipakata rimoti, akaingiza kidole kwenye tundu kilipokuwa kitufe. Ndani mlikuwa na joto.